Kichupa cheusi cha kisima changu

Alhamisi, Mitole. Kibaridi cha Juni. Jua lipo lakini halina nguvu.

Nina kinyaa tangu asubuhi. Hata uji nimeuacha.

Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, na kusoma kwangu kuliishia madarasa ya watu wazima. Anayetaka Kiswahili cha vitabuni akasome kwingine.

Walimu wako hapa siku ya nne. Shule zimefungwa, wao wameletwa kusomeshwa habari za maji: mvua inanyesha wapi, inateremkia wapi, inaingiaje kijitoni, ili wakirudi darasani wawafundishe watoto kijito chao wenyewe. Neno zuri. Lakini waone sasa! Tope wanalishika kwa ncha za vidole, tena na glovu. Wamekuja kusoma maji ya Mitole, na kila mmoja ana chupa ya maji ya dukani kwapani. Zikiisha wanazitupa kwenye majani ya kijito. Nimeziokota mimi, mzee mzima.

Mimi maji nayajua. Nimechimba visima toka hapa mpaka kijiji cha Kitomanga, kwa sururu na kamba, na hakuna hata kimoja kilichonifukia. Nifinyange udongo kidogo tu, nitakwambia maji yako wapi. Kisima changu cha mteremkoni, chini ya nyumba, kinanywesha kitongoji kizima. Watu wanasema maji yake matamu.

Ni kweli, matamu.

Jumanne walipita na vichupa vidogo vyenye karatasi ndani. Unatia maji, unafunga, unaweka penye joto. Maji yakiwa na uchafu wa chooni, yanageuka meusi. Wakachota kijitoni, wakachota bombani shuleni. Nikawaambia, chukueni na kwangu, mwone maji ya fundi.

Basi leo nikaenda shuleni kupokea sifa zangu.

Vichupa vimepangwa mezani. Changu hakipo. Nikauliza, wakatazamana. Mkufunzi wao, binti wa umri wa wajukuu zangu, akanipa shikamoo ya pili, akasema, "Babu, chako nadhani hakikuoshwa vizuri. Tumekiweka pembeni."

Nikafurahi! Nikawasomesha mimi sasa, nikawaambia mtajuaje maji na hata vyombo kuosha hamjui. Walimu wazima wakaitikia, "Ndiyo, babu."

Aliyeniharibia ni Mwalimu Likonde wa shule ya hapa. Mmakonde yule, mtani wangu, na mtani huwezi kumdai adabu. Akaenda nyuma ya kabati, akarudi na kichupa changu, cheusi kama masizi ya chungu, akakiinua watu wote wakione.

"Mtani, unatunywesha choo chako!"

"Nyamaza wee, nisije nikakuzika leo!"

"Utanizika tu, kwa kuhara. Maji yako hayo."

Hakuna aliyecheka. Kisha akaniuliza taratibu, "Choo chako kiko juu ya kisima au chini?"

Nikashika njia nikarudi nyumbani.

Kiko juu. Nilikijenga mwenyewe, sakafu ya saruji, bati jipya. Nikakiweka pale kwenye mwinuko ili kionekane barabarani, na kusi ikivuma harufu iende kwa wengine. Mke wangu, Bi Somoe, aliniuliza siku ile ile, "Lakini baba, maji si yanateremkia kisimani?" Nikamwambia maji ni kazi ya wanaume, yeye aangalie moto wake.

Na nilijua. Mtu aliyeshinda maisha yake ndani ya mashimo anajua kwamba maji chini ya ardhi nayo hufuata mteremko. Nilijua nikasaka sifa.

Hapo ndipo kichefuchefu kinaponishika, kuliko hata kichupa. Mjukuu wa jirani anaharisha tangu masika. Sisi wazee tukasema ni meno. Mimi ndiye niliyelisema kwanza.

Na yule binti mkufunzi je? Kwa heshima ya mvi zangu angetuacha tuendelee kunywa. Heshima gani hiyo? Inanuka.

Adhuhuri nimeivua kamba ya ndoo, nikaificha chini ya kitanda. Wanawake walipokuja kuchota nikawaambia imekatika, waende bombani shuleni. Wakanipa pole. Pole! Bi Somoe amemwaga mtungi wote nje, ananitazama.

Choo nitakifukia, hiyo kazi naiweza. Lakini kamba haiwezi kukatika kila siku, na mtani wangu mdomo wake haulali. Kesho Ijumaa, baada ya sala, nitasimama niseme kwa kinywa changu kabla hajanisemea yeye kwa kicheko. Nitaanza na salamu.

Nikishaitikiwa, nitasema nini?