Nguruwe Wawili wa Bi Doreen na Nafasi ya Katikati

Mpendwa Mama Mbula, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana ndiyo siku mume wangu amepanga kumtoa mmoja wa nguruwe wetu, na haya sina wa kumwambia, kanisani siwezi na nyumbani ndiyo kabisa.

Mimi ni Mrundi, tulikuja Sydney mwaka 2004 kutoka kambini Tanzania, mimi na mume wangu Salvator, na huku ndiko tulikompata binti yetu Belyse ambaye sasa ana miaka sita, tumepanga nyumba ya zamani yenye uwanja mkubwa nje kidogo ya St Marys, Salvator anafanya kazi warehouse, yaani ghala la bidhaa, huko Wetherill Park na mimi nahudumia wazee majumbani kwao. Mmoja wao alikuwa Bi Doreen, Mzungu wa miaka themanini na moja, aliishi peke yake na nguruwe wawili weusi, wale wafupi ambao tumbo linakaribia kuburuta chini, Mick dume na Dot jike, wa mama mmoja, na kila Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa naenda kumwogesha, nao wananingoja mlango wa nyuma, bega kwa bega.

Ijumaa moja sikwenda. Kulikuwa na harusi ya binamu yangu Liverpool, hapa hapa Sydney, nikaenda kumsuka bibi harusi, nikajiambia Jumatatu nitamwogesha vizuri zaidi, na kwenye karatasi ya kazi nikaandika kwamba nilifika, ameoga, amekunywa chai, yuko sawa. Jumatatu nilimkuta sakafuni amekwishakufa, Mick amelala upande mmoja na Dot upande wa pili, wamemgusa, hawakuinuka, waliniangalia tu. Polisi walisema ni siku mbili tatu.

Nguruwe walichukuliwa na mama mmoja anayeokoa wanyama, akawa anatafuta mtu wa kuwalea, akasema, "Ni wote wawili au hakuna. Ukimtoa mmoja, mwenzake hatakula." Nikawachukua. Salvator nilimwambia nimewahurumia tu.

Mwezi wa kwanza walikuwa watulivu. Kisha zikaanza hizi Ijumaa. Saa nne wanaacha chakula, wanakuja kusimama mlango wa nyuma wananitazama bila sauti, halafu wanarudi kulala kwenye majani, mmoja huku, mwingine kule, na katikati wanaacha nafasi ya mtu mzima, na hawa siku nyingine zote hulala wamebanana hata kukiwa na joto. Ijumaa moja mvua ilinyesha hawakuhama, na walipoinuka niligusa yale majani ya katikati, yalikuwa yamelala, makavu, na yana joto.

Ijumaa iliyopita nilimkuta Belyse amelala pale, Dot ameweka pua kwenye mkono wake. Nikamwita. Yeye Kiswahili anasikia lakini hujibu Kiingereza, akageuka taratibu akasema, "You're late, love." Yaani umechelewa, mpenzi. Mama Mbula, hivyo ndivyo Bi Doreen alivyokuwa akinipokea basi likinichelewesha, na Belyse hakuwahi kumwona.

Salvator anasema tukiwatenganisha yataisha. Mwenzake wa kazini, Bahizire, Mkongomani, atamchukua Mick. Nimwache amchukue?

V., St Marys

Mama Mbula anajibu:

Mwanangu, umenihuzunisha na umenikasirisha. Barua yako ilinifikia Jumatatu, Jumamosi uliyoiogopa imeshapita, ndiyo maana nilikupigia simu. Majina nimeyabadilisha, na kwa ruhusa yako wasomaji wajue kilichotokea: Bahizire alimchukua Mick Jumamosi, akamrudisha Jumapili kabla ya ibada. Ulipomuuliza alisema tu, "Dada, huyu sikai naye. Amekesha amejibana ukutani, anampisha mtu."

Sasa nisikilize. Uliniambia lori la taka hupita kwenu Ijumaa asubuhi. Nguruwe ana akili kuliko wengi wanaoniandikia, na siku ataijua kwa lori hilo. Maneno ya Belyse huenda aliyasikia kwako, ukiweweseka usingizini. Majani makavu yenye joto sina maelezo yake, na sitajifanya ninayo.

Usiwatenganishe tena. Jenga uzio mtoto asiingie walipo, na uliza halmashauri kama nguruwe wanaruhusiwa kwenu. Na usiite watu wa kukemea pepo, maana nguruwe hawakuandika karatasi ile. Uliiandika wewe.

Huenda Bi Doreen alikufa Jumamosi, na hata ungekwenda ungemwacha mzima. Huenda alianguka alfajiri ya Ijumaa akakungoja. Hilo mimi silijui na wewe hulijui, na kwa sababu ya karatasi yako hata waliochunguza hawakuwa na sababu ya kuuliza.

Mwambie Salvator leo, kabla ya chakula. Kesho tafuta mwanasheria wa bure, wapo Liverpool, kisha uende naye kwa msimamizi wako ukaseme mwenyewe. Kazi unaweza kuipoteza. Nenda hivyo hivyo.

Kisha kuna mwanawe Bi Doreen anayeishi Perth. Uliniambia kwenye simu, ukilia, kwamba siku ya mazishi alikushika mikono yote miwili akakushukuru kwa kuwa mtu wa mwisho kumwona mama yake akiwa hai. Mpigie. Mwambie hukumwona.