Mtutu Usiobadilishwa

Jumanne, 7 Mei

Nimeamua. Mchezo wetu utapata rashasha za Kichina!

Kitabu cha kanuni tulichonunua kina silaha za kila aina ila hizo. Na kikosi chetu — watu wa karatasi, wanaoishi kwa dadu kila Jumapili mezani kwangu — sasa kimeingia milimani ambako kila mtu amezibeba. Mimi ndiye mwamuzi. Kitabu kikikosa kitu, ni juu yangu kukitunga: kadi moja kwa kila bunduki. Uzito, risasi, joto, kero zake.

Mkutubi, mchezaji wangu mwenye subira kuliko wote, kaniletea nakala za kurasa kutoka maktaba yake. Nimezisoma dukani kati ya mteja na mteja, chini ya kaunta, kama msichana aliyeletewa barua ya mapenzi. Mama mmoja wa dawa ya kikohozi kaniuliza nachekea nini. Nikamwambia uzito wa bunduki.

Alhamisi, 9 Mei

Nimechagua tatu. Aina ya 56, ya 81, ya 95. Majina ni miaka tu, bila mbwembwe.

Ya 95 ni kilo nne hivi, na kasha la risasi limekaa nyuma ya kifyatulio, karibu na kwapa. Ya 81 ni ndugu wa bunduki ya kawaida ya mwaka huohuo, vipuri vingi vinaingiliana. Ukiishiwa, mwenzako anakupa kasha lake. Undugu wa kufaana!

Lakini 56... Mkanda wa risasi mia, umekunjwa ndani ya kasha la duara. Kumbe si mkanda mmoja. Ni vipande viwili vya hamsini hamsini, na kinachoviunga ni risasi yenyewe! Nimeisoma sentensi hiyo mara nne. Nani alikaa mahali akafikiri hivyo? Alikuwa anakunywa chai?

Na mtutu wake haubadilishwi. Rashasha nyingine ukiwaka mtutu unautoa, unatia mwingine. Huu hapana. Dawa yake ni kuachia kifyatulio, basi. Mpigaji anatakiwa ajijue.

Akili yote hiyo, na kazi yake ni kuua watu. Nastaajabu na kuogopa kwa pamoja. Sitaki kujifanya vinginevyo humu.

Jumamosi, 11 Mei

Kaka yangu na Rula, nao wachezaji wa mezani kwangu, wamekuja na mkanda!

Nieleze vizuri nisije nikasahau nikizeeka. Nilitaka kujua kuujaza mkanda wa 56 kunachukua muda gani, maana risasi huchomekwa moja moja kwa mkono. Bunduki yenyewe sijaiona wala sitaiona. Kaka akasema ngoja, mimi ni fundi wa nini basi? Yeye na Rula wana karakana ya kuchomelea vyuma, mwaka wa kumi na saba huu. Rula tulimbatiza jina hilo kwa sababu hapiti mlangoni bila kuupima. Wamekata nondo nyembamba vipande mia, urefu wa risasi kamili, na vibanio vya bati vilivyoungana kama mnyororo. Mia! Kwa ajili ya mchezo!

Nilivimwaga mezani nikakaa navyo nusu saa. Sikufanya kitu. Niliviangalia tu.

"Rula kakata, mimi nimeunga," Kaka anasema, kifua mbele. Rula akanywa maji yake kimya. Ungedhani anakatwa salio kwa kila neno.

Jumapili, 12 Mei

Majaribio. Saa ya simu mkononi. Mkutubi: dakika nane na kidole kimoja kilichobanwa. Mimi: tano — vidole hivi vinahesabu vidonge kutwa. Rula: nne kasoro, bila jasho.

Kaka alianza kwa madaha. Kipande cha tatu kikaanguka. Cha tano. Akasema vina mafuta, akavifuta kwa shati. Cha saba kikagonga kibanio, tk tk tk tk. Nilisikia kabla sijaona. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, na si kwa njaa wala baridi. Nimesimama nyuma ya kaunta ya dawa miaka tisa. Mikono naijua.

Akauficha chini ya meza. Mchezo wenu wa kitoto huu, akasema, na mimi sijala tangu asubuhi. Mkutubi akacheka. Rula akainama kuokota vilivyoanguka, akakawia huko chini.

Nikaandika kwenye kadi: kujaza mkanda, dakika tano.

Jumatatu, 13 Mei

Nimempigia wifi. Kwa kuzungukazunguka, kama nauliza habari za watoto. Anasema mumewe siku hizi bwana mkubwa: ndevu hanyoi mwenyewe, mpaka kinyozi. Chai anataka nusu kikombe, halafu nusu nyingine. Anajidekeza tu huyo, wifi yangu.

Nikasema ndiyo, anajidekeza.

Jumatano, 15 Mei

Nimekwenda karakana. Rula hakuwapo, kafuata vyuma. Nikamwambia Kaka twende hospitali, nitakusindikiza, nitaomba ruhusa kazini.

Akazima mashine. Akavua miwani taratibu.

"Jumatatu tunaanza mnara wa tangi la shule. Mita kumi na mbili. Mimi na Rula juu. Umesikia?"

Nimesikia. Ndiyo maana nimekuja, nikasema. Mita kumi na mbili na mikono hiyo?

"Mikono hii ndiyo iliyokusomesha."

Hapo hana uongo. Kisha akashusha sauti, na hii ndiyo imeniumiza: Rula asijue. Akijua hatapanda naye tena, na yeye bila Rula si fundi, ni mzee mwenye mashine. Akaniapisha. Nikaapa, mimi mjinga!

Wanavyounga minara, mmoja anatangulia, mwingine anakanyaga kilichoungwa. Kaka hutangulia. Kwa hiyo Jumatatu Rula ataweka mguu juu ya kazi ya mkono ule, bila habari.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na sasa tumekuwa waficha wawili.

Ijumaa, 17 Mei

Nimepata kanuni ya joto.

Kila mpigo wa 56, mpigaji anasimamisha kipande kimoja cha nondo, wima, juu ya kifuniko cha kopo. Cha pili ubavuni. Cha tatu. Akipumzika zamu moja, anaondoa kimoja. Kikianguka hata kimoja, mtutu umewaka, bunduki imenyamaza, na maadui ndio hao.

Nimeijaribu peke yangu mara ishirini. Kufikia kipande cha sita nilikuwa nimeshika pumzi! Ni kanuni nzuri kuliko yoyote iliyomo kitabuni, nasema bila haya.

Na ni mtego. Niliapa kutosema. Sikuapa kwamba mikono yake isiseme.

Naona aibu. Nitafanya hivyo hivyo.

Jumapili, 19 Mei

Tulianza saa tisa. Daraja. Kikosi kinarudi nyuma, majeruhi wawili, na anayebaki kuwazuia adui ni Koplo, mtu wa Kaka. Miaka minne Koplo hajafa! Leo kabeba 56. Nikasoma kanuni mpya kwa sauti. Nikausukuma mbele yake ule mfuniko.

Kaka aliniangalia. Hakuangalia mfuniko, aliniangalia mimi. Alikwisha kuuona mtego, na bado alinipa macho ya kaka, hayana hata hasira. Nilitamani ardhi inimeze.

"Napiga," akasema.

Akanyoosha mkono. Haujafika, mkono wa Rula ukapita juu yake, ukachukua kipande, ukakisimamisha. Wima. Bila kuinua uso.

Tukatazamana mimi na Mkutubi.

"Napiga tena." Rula akasimamisha cha pili. Napiga. Cha tatu, cha nne, cha tano, utadhani vimeota. Mkutubi akaniuliza kama inaruhusiwa.

"Mbona unanisaidia?" Kaka akauliza. Sauti ndogo, si yake.

"Nimezoea."

Neno hilo moja.

"Umezoea nini?"

Rula akasema — na sijawahi kumsikia akisema mengi hivi, miaka yote ninayomjua — tangu Septemba. Ukienda kula, narudia ulipochomelea. Ukienda nyumbani, nabaki kidogo. Niliona hutaki nijue, basi nikawa sijui.

Miezi minane! Anaaga, anageuka, anawasha mashine upya, anafuata mstari wa mwenzake kipande kwa kipande, kisha asubuhi anaitikia salamu kama kawaida. Na mimi nikajiona mjanja kwa vinondo na kifuniko cha kopo! Nilimwangalia kama mtu aliyeletewa mgeni. Nimestaajabu mpaka machozi yamenitoka, nikasingizia vumbi.

Kaka aliinuka, akatoka barazani. Rula akamfuata. Mkutubi kaaga kwa ishara, kasahau mwavuli. Koplo bado yuko darajani. Vipande vitano vimesimama, hata meza naogopa kuigusa.

Sasa saa kumi na moja na nusu. Niko jikoni, mlango uko wazi, nasikia kila kitu. Nilidhani Kaka atafoka, namjua, heshima yake iko kwenye chuma chake. Kisha akauliza:

"Zipi?"

Rula akajikuna. Akasema, geti la zahanati.

"Lote?"

Bawaba za juu. Za chini zilikuwa nzuri.

"Ehe."

Ngazi ya yule mwalimu, vidaraja vitatu vya mwisho. Dirisha la duka la vitambaa. Kila kazi anaitaja na sehemu yake, hapunguzi wala haongezi, na Kaka anaitikia ehe, ehe, kama mtu anayesomewa majina ya watoto wake. Mara moja kasema, ile nilidhani nimeipatia. Rula akajibu, ulikaribia.

Kesho saa moja asubuhi gari la vyuma linashusha pale shuleni. Mnara hakuna hata mmoja wao aliyeutaja. Nimebandika chai. Sijui nipeleke vikombe viwili vilivyojaa au vinne nusu nusu, nimesimama navyo hapa kama mlinzi.

Bado wanaendelea. Wamefika Machi.