Presha ya Mikono Miwili

Tabata, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Kuna sauti haijaniacha wiki hii nzima. Daktari aliweka kipimo chake chini kidogo ya bega langu la kushoto, akasikiliza, kisha akanivalisha masikioni nisikie mwenyewe. Vuu, vuu, kama mtu anayepuliza mrija. Ilikuwa damu yangu, ikijipenyeza kwenye mshipa uliobana.

Nyie hamjambo huko? Goti la bibi linaendeleaje? Mie nipo, nafundisha.

Nilikwambia mkono wa kushoto unachoka nikiandika ubaoni, vidole vinapoa, nikipumzika unarudi. Duka la dawa walikuwa wakinipima presha mkono huohuo kila mara, wakasema ni presha ya kushuka, nawe ukanihimiza nile chumvi. Hospitali, muuguzi mmoja mtu mzima akasema, "Lete na huu wa kulia." Akapima, akarudia, akanitazama. "Mwalimu, humu ndani mko wangapi? Wa kushoto kalala, wa kulia anapigana."

Presha yangu ya kweli ni hiyo ya kulia, Mama, nayo imepanda. Kushoto inasoma chini kwa sababu damu haifiki vizuri. Picha zimeonyesha kuta za mshipa zimevimba. Daktari anasema ugonjwa huu huwapata zaidi wasichana wa umri wangu, na hakuna mtu aliyeniletea. Nikamuuliza kwa nini asiuzibue tu huo mshipa.

"Ukiwa bado umevimba hatuugusi," akasema. "Tuutulize kwa vidonge kwanza. Ukigoma kufunguka, ndipo tutaupanua kwa kipira kidogo cha kupulizwa ndani yake."

Nikiuacha bila tiba, naweza kupoteza nguvu za mkono ninaokuandikia.

Juzi kwenye simu ulisema nisimeze kitu mpaka nije nyumbani, bibi aukande mkono. Nimeyafikiria sana maneno yako. Najua ni hofu. Hata mie ninayo: vidonge hivi vinaweza kunivimbisha uso, nawe utasema nimenenepa kwa raha za mjini.

Nisalimie bibi, baba na patasi zake, na mdogo wangu anayekusomea barua hii. Asiruke mstari.

Vidonge nimeshaanza, jana asubuhi. Na zile korosho za chumvi ulizonikaangia nimewagawia walimu wenzangu, zote, sikuonja hata moja. Nikaangie nyingine, Mama, zisizo na chumvi.

Binti yako,
Somoe