Mota ya Betri au Injini ya Petroli kwa Kwelea wa Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie upesi maana mpunga umeshatia maziwa na kwelea hawasubiri gazeti. Mimi ni fundi pikipiki hapa Ifakara, nina mchumba anaitwa Violeth, kwao Namawala, na kwao mchumba hapewi jibu mpaka aamie ndege, yaani awafukuze mpungani, msimu mmoja, akae dunguni na baba wa binti, apige debe na kurusha kombeo tangu alfajiri, nami nikaona huo ni ushamba, nikaunda ndege ya kivita ya kuongozwa kwa rimoti, mwili wa sponji ngumu, nikaipaka mabaka ya jeshi na kuichorea meno.

Kwanza niliifunga mota ya betri, ikaruka vizuri lakini kimyakimya, kwelea wakainuka, wakaizoea, wakarudi kula, mara betri ikaisha ikadondoka mpungani, Mzee Raimundi akaingia majini akaiokota kwa mkia, akaniuliza, "Mkwe, na huyu naye amekuja kula?" Violeth alicheka mpaka akakaa chini. Sasa yeye anataka nifunge injini ya petroli kwa sababu ya kelele, anasema itawahamishia kwelea Lupiro, na ameshaniletea moja kimyakimya, ya mashine ya kukatia majani ya baba yake, lakini rafiki yangu Bryson anasema ni nzito mno, na mimi silali, maana mzee ametamka kwamba akivuna mapepe, mpunga usio na punje, posa narudi nayo nyumbani. Nichague ipi?

Clinton, Ifakara

JIBU

Clinton, pole kwa kile kicheko. Bryson yuko sahihi. Injini hiyo imetengenezwa ibebwe na bega la mtu, na sponji si bega. Itayatetemesha mabawa mpaka gundi iachie, kisha panga linalozunguka liwaangukie watu waliokuja kuamia, si kwelea.

Baki na mota ya betri. Tafuta betri ya pili, moja iwe hewani na nyingine kwenye sola pale dunguni. Kelele usiitafute kwenye mota. Funga ukanda wa kaseti kuukuu mkiani, ukipigwa na upepo unalia wenyewe. Ndege ikitua, debe lianze. Kwelea huzoea kitu kimoja, ila vikipokezana wanachelewa kuzoea. Rimoti mpe Violeth, kwa kuwa ana maoni mengi. Debe ni lako, na utalipiga ukiwa umekaa karibu na mzee, baada ya kumwamkia. Kuamia unakuita ushamba, lakini wali unakula.

Yale mabaka ya jeshi si ya raia, yafute leo. Mtendaji wa kijiji akiyaona hatakuuliza umefunga injini gani.

Sasa tuje kwenye neno ulilolipitisha katikati ya barua kama mtu anayekatiza mbele ya wazee bila shikamoo. Mashine ile ya kukatia majani, watu wa Namawala si ndiyo wanayovunia mpunga? Basi injini irudi mahali pake wiki hii, na uirudishe wewe mwenyewe, mchana, mzee akiwepo, ukimwambia ilikokuwa. Uifunge mbele yake, uiwashe aisikie. Fundi pikipiki hashindwi hilo.

Kwelea wakila mpunga, Mzee Raimundi atawalaumu kwelea. Mashine isipowaka siku ya kuvuna, hatawataja kabisa.