Usukani wa Gari la Harusi

Chimayó, Jumatano, 9 Oktoba 2019. Asubuhi ni baridi kavu, umande umeganda kwenye paa la gereji, mbingu nyeupe, hakuna upepo.

Kwako Dada Bernarda,

Nakusalimu wewe na shemeji, na nauliza kama goti lako limepoa tangu ulipoteleza kwenye ngazi. Huku tu wazima. Pilipili tumemaliza kuzichoma, fungu lako liko kwenye friza. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na jambo hili lazima ulisikie hadi mwisho kabla hujamwambia mwanao Marisela.

Ni habari ya ile pikapu ya kijani. Baba alimwahidi mjukuu wake kwamba Jumamosi ya wiki ijayo atailaza mbele ya kanisa la Truchas kule mlimani mpaka tumbo liguse ardhi, bibi harusi aingie bila kuinua gauni, kisha ainyanyue na kuteremka na maharusi mpaka ukumbini Española. Amelaza magari ya maharusi wengi bondeni humu, na hakuna aliyewahi kuona mwanga ukipita chini ya gari lake.

Bila shaka alikueleza alivyotoa springi za mbele akaweka mifuko ya hewa ya kulishusha na kulinyanyua gari. Tatizo lilikuwa boksi la usukani, lile la chuma linalogeuza magurudumu, lililogonga ardhi gari likilala. Basi akalipandisha na kulichomelea upya, halafu akanyoosha magurudumu gari likiwa limelala, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wanavyolitazama. Likilala, magurudumu yamenyooka kama rula. Ila barabarani haliendeshwi likiwa limelala. Likinyanyuliwa, tairodi, zile fito zinazosukuma magurudumu, zinakaa mshazari wake, na mikono inayoshika magurudumu inakaa mshazari wake. Gurudumu likikanyaga shimo, vitu hivyo vinavutana, na gari linakata kona lenyewe hujagusa usukani.

Niliyajua haya Alhamisi iliyopita, Baba aliponituma nipeleke gari Truchas ili padre aone litakaposimama. Wakati wa kupanda usukani ulikuwa ukitetemeka, nikadhani ni tairi. Wakati wa kuteremka, kwenye ile kona juu ya Córdova ambapo lami imepasuka, gurudumu la kulia liliingia shimoni na gari likaruka kuelekea ukingoni. Niliuvuta usukani kwa mikono miwili. Liliposimama nilikuwa natazama vilele vya misonobari, dada, chini yangu. Nilikaa pale nikawafikiria Marisela na bwana harusi wake Tobías wamebanana kwenye kiti kile na Baba.

Jioni nilimweleza Baba. Akasema ni upepo. Nikamwambia hapakuwa na upepo. Akasema basi ni mimi, naendesha kama mtu anayekamua mbuzi. Mjomba Onésimo, aliyekuwa amekalia tairi anakula tamale zetu za mahindi kama kawaida yake, alicheka mpaka akapaliwa. "We binti, gari halina woga! Muulize aliyeshika usukani!" Niliweka jeki, nikalipandisha na kulishusha gurudumu, wakaliona linavyojigeuza. Onésimo akaacha kutafuna. Baba alifuta mikono yake, akasema boksi likishushwa gari halitalala. Akaingia ndani kula.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anajua. Alijua linavuta, na alitegemea mikono yake ilishike. Mwaka jana ingetosha. Siku hizi kikombe cha kahawa anakishika kwa mikono miwili, na bado kinamwagika. Hatukukuambia kwa sababu alitukataza.

Sasa nikuambie nililolifanya. Jumapili, walipokwenda misa na kushinda kwenye chakula cha parokia, nilijifungia gerejini na kukata mchomeleo wa Baba. Unajua nyumbani kwetu hilo lina maana gani. Binamu Delfino aliupiga tu msasa mchomeleo wake ili upendeze, na hakualikwa tena Krismasi. Mimi niliukata wote. Nikashusha boksi, nikalichomelea pale lilipotakiwa kukaa, nikanyoosha magurudumu gari likiwa kwenye kimo cha kuendeshea. Kisha nikaenda Truchas na kurudi, na lile shimo nikalipita makusudi. Gari lilikwenda moja kwa moja. Niliporudi nikajaribu kulilaza. Lilishuka, likasita, na chini yake ukabaki mwanga. Mkono unapita.

Walinikuta bado nimepiga magoti nikiutazama. Baba aliuona toka mlangoni. Alitandika kadibodi akaingia chini ya gari na nguo zake za kanisani, viatu vikabaki nje, akakaa humo muda mrefu sana. Onésimo alivua kofia. Baba alipotoka aliuliza ni nani. Nikasema ni mimi.

"Umenizika na bado napumua," akaniambia.

Nikamjibu kwamba ni afadhali nimzike yeye akipumua kuliko tumzike Marisela. Sijui nilipata wapi mdomo ule. Alitupa funguo mezani. "Haya. Aliyekata ndiye ataendesha. Mimi nitafuata na Onésimo." Tangu hapo hajanisemesha, ila kuomba chumvi.

Kwa hiyo mwambie Marisela gauni atalazimika kuliinua, na watu watauona ule mwanga na kusema. Mwambie pia kwamba atakayewateremsha ni mimi, juu ya mchomeleo wangu mwenyewe. Kama hutaki, niambie, sitanuna, tutatafuta gari jingine. Ila nakusihi jambo moja: usimwombe Baba aendeshe. Wewe ukimwomba, atakubali.

Msalimie shemeji, umkumbatie Marisela kwa niaba yangu, na goti lako usilichoshe kwa maandalizi. Tunawasubiri Ijumaa ya kuamkia harusi, vitanda viko tayari.

Mdogo wako akupendaye,
Adelaida

Alhamisi asubuhi. Bahasha ilikuwa bado wazi, naongeza hili. Jana usiku nilitoka na tochi kwenda kuukagua mchomeleo wangu, nikamkuta Baba yuko chini ya gari na tochi yake. Alisogea kunipa nafasi, nikaingia kando yake tukaukagua pamoja. Nilikwenda kitandani saa tisa na robo usiku.