Podikasti Tatu Ulizoniomba

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo huko? Sisi huku tunasukuma siku. Cherehani imepona, na sare za shule zimenijazia chumba kizima.

Uliniomba podikasti za kutetea wanawake. Anza na ile ya wakunga wawili. Wana midomo hao, utacheka mpaka mbavu ziume. Kisha ile ya mwanasheria anayefafanua haki za mke kwa lugha nyepesi. Ya tatu ni ya wanawake waliokosa watoto. Hiyo nilikuwa naisikiliza huku napinda sketi, shemeji yako akaingia. Alisimama mlangoni akasikiliza hadi mwisho, machozi yakimtoka. Nikadhani hatimaye amenielewa.

"Mke wangu," akasema, "kuna mtu ana mimba yangu."

Alihama Jumamosi. Mashati yake nilimkunjia mwenyewe, maana yeye hajui kukunja.

Sasa narudia ile ya mwanasheria. Anaeleza vizuri kila kitu, ila hajagusia mtu afanye nini anapopika chai ya wawili kwa mazoea, kikombe kimoja kikabaki.

Mama usimwambie kwanza. Anampenda mkwewe kuliko anavyonipenda mimi.

Ni mimi dada yako, ninayekuwaza.