Diski Haijaharibika, Mimi Ndiye Niliyekataa

Jumapili, Kibara. Mvua ilipiga alfajiri, ikaacha, na sasa jua limetoka kwa ghafla na kila kilichoanikwa uani kinafuka mvuke. Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, karibu na mlango, kwa sababu hapa ndipo ilipo soketi pekee ya nyumba ya Bibi, na laptopu hii haimalizi dakika moja bila umeme.

Bado nina hasira. Lakini ni hasira iliyoshiba.

Ninyi wachache mnaosomaga hapa mnajua kwamba mimi siyo mtu wa kubishana. Darasani najua jibu na sinyooshi mkono. Dukani nikipewa nisichoagiza naondoka nacho, nakitumia hivyohivyo. Wiki hii nimebishana na nyumba nzima na sijaomba msamaha. Naandika haraka kabla sijaanza kujionea aibu.

Nianze na kitu chenyewe.

Ni diski ya nje, inaenea kwenye kiganja. Mjomba aliituma kutoka Mwanza kwa basi, imeviringishwa ndani ya fulana. Juu yake kuna kidirisha cheusi cha kuwekea kidole. Kidole ikikijua, taa inageuka kijani na mafaili yanaonekana. Isipokijua, taa nyekundu inawaka na kuzima mara tatu, na kompyuta inakaa kimya kama hujachomeka kitu.

Mjomba aliituma kwa sababu ya jambo la mwaka jana. Nilikuwa na flashi. Ndani yake nilikuwa nimemrekodi Bibi pamoja na mdogo wake, Bibi Nyanjura, wakisimulia hadithi za Kijita walizosimuliwa wakiwa wadogo. Rekodi kumi na nne. Kila likizo nilikuwa nakuja hapa, nawarekodi kwa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, nahamishia kwenye flashi, nafuta kwenye simu ili nipate nafasi. Bibi Nyanjura akafariki. Miezi miwili baadaye kaka Mafuru aliikuta flashi mezani, akaifuta yote na kujaza muvi za kutafsiriwa.

Mafuru ni mtoto wa Mama Mkubwa, dada yake mama, ambaye ninakaa kwake Mwisenge ili nisome Musoma. Ana kibanda cha kuwekea watu muvi na nyimbo kwenye simu. Nilipolia, alishangaa kweli.

"Si utarekodi zingine?" aliniuliza.

Nilikwenda kuosha vyombo. Ndivyo nilivyokuwa.

Diski ilipofika nilisoma kile kikaratasi chake mara tatu, herufi ndogo kama mbegu za ulezi. Nikaweka nenosiri. Nikasajili kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho unakibonyeza tena na tena, katikati, pembeni, kwa ncha, mpaka ikishike. Nilijiona mtaalamu. Kosa langu ni kwamba nilifanya hivyo mara tu baada ya kuparua sato wa watu wanane, vidole vimekunjamana kwa maji. Asubuhi, vidole vikiwa vikavu, diski haikunijua kabisa. Taa nyekundu, mara tatu. Ilibidi niingie kwa nenosiri, nifute kile kidole cha samaki, nisajili upya kidole kikavu, na dole gumba la kushoto kama akiba.

Kisha nikaanza tena kazi. Sasa kuna rekodi tisa za Bibi peke yake, za hadithi nyingine. Kuna pia hadithi ninazoandika mwenyewe, ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Sina nakala mahali pengine popote.

Jumatano Mafuru aliiona.

"Profesa, hiyo eksteno ni terabaiti nzima! Unawekaga nini humo, maji ya ziwa?" Akaichukua mkononi. "Nipe niweke muvi za kibandani. Mimi nitakuachia kakona kako."

Akachomeka, akanisogezea. "Weka kidole."

Hii ndiyo sehemu ninayotaka kuikiri. Sikusema hapana. Niliweka kidole cha kati, ambacho sijakisajili. Nyekundu. Nikaweka tena. Nyekundu.

"Imeharibika," nikasema.

Nilijisifu moyoni kwa saa moja nzima. Nilidhani nimekuwa mjanja: sijamkasirisha mtu, sijapaza sauti, na diski iko salama. Jioni Mafuru akasema kwa wema kabisa, mdomo umejaa ugali, "Usijali dada, kesho naipeleka kwa fundi wangu pale sokoni. Anaifomati, inarudi kama mpya."

Nikarudisha tonge sahanini.

Kikaratasi kinasema wazi: ukishindwa kuifungua, njia iliyobaki ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani, na kila kilichomo kinapotea. Uongo wangu mdogo wa adabu ulikuwa umempa Mafuru sababu ya kufuta kila kitu kwa mara ya pili, tena safari hii akinisaidia.

"Haijaharibika," nikasema.

"Nimeona kwa macho yangu."

"Niliweka kidole kisichoandikishwa. Haijaharibika. Mimi ndiye niliyekataa."

Sijui kama mmewahi kuona meza nzima ikiacha kula. Kwetu mlango wa chumba haufungwi mchana. Sabuni ni ya wote, kandambili za mlangoni anavaa anayetoka kwanza. Ukifunga kitu chako umeshasema kuna mwizi ndani. Na msichana akifunga, kuna neno la pili, na Mafuru alilisema.

"Basi una picha za bwana wako humo. Subiri mama aje."

Usiku ule nililala na diski ndani ya foronya.

Mama Mkubwa anafundisha shule ya msingi huko Butiama, na anarudi nyumbani kila Ijumaa. Alifika na vumbi la njia nzima kwenye viatu, hajakaa vizuri, Mafuru ameshamweleza. Kwamba nafunga vitu. Kwamba nimemdanganya, jambo ambalo ni kweli. Kwamba kuna siri.

Mama Mkubwa alivua viatu polepole. "Mwanangu, ndani ya nyumba yangu unafunga, unamfungia nani?"

"Siwafungii ninyi, Mama Mkubwa. Nafunga sauti za Bibi zisifutwe."

"Basi fungua tuone ni sauti za Bibi. Yaishe."

Ingekuwa rahisi sana. Kidole kimoja, sekunde moja, na wangesikia Bibi akikohoa na kuanza kusimulia. Hakukuwa na picha ya mtu yeyote. Lakini nilimwangalia Mafuru amekunja mikono anasubiri, na nikaona kwamba nikifungua leo ili nijisafishe, nitafungua kila Ijumaa.

"Nitakuchezea wewe rekodi zote siku yoyote ukitaka kumsikiliza Bibi," nikasema. "Kwa kukaguliwa, sifungui."

Sauti yangu ilitetemeka kama ya mbuzi. Lakini maneno yalitoka yote, kwa mpangilio, na hayakurudi.

Mafuru akacheka. "Mama, unamsikia?"

Mama Mkubwa alinigeukia. Nilitegemea kofi. Akasema, "Namsikia. Kesho anakwenda Kibara. Mwenye sauti ni mama yangu, yeye ndiye aamue. Akisema diski itumike na wote, itatumika na wote, na wewe utanyamaza. Sawa?"

Ilibidi niseme sawa.

Mafuru alitoka anapiga mluzi, na nilijua kwa nini. Yeye amepewa jina la marehemu babu. Bibi humwita mume wangu. Akija hapa anachinjiwa kuku, mimi nachambua mchele. Sijawahi kumsikia Bibi akimnyima Mafuru kitu, hata mara moja.

Kwa hiyo jana, kutoka Musoma mpaka Bunda na kutoka Bunda mpaka hapa, laptopu iko mapajani na diski iko ndani ya soksi, nilikuwa napanga hotuba. Niliipanga kwa Kiswahili, nikaitafsiri kwa Kijita, nikagundua kwamba Kijita changu hakina neno la diski wala la haki yangu.

Nilimkuta Bibi amekaa na beseni la mihogo, anamenya. Hotuba yote ilipotea. Nilimweleza tu, kuanzia flashi mpaka foronya. Nilimwambia pia kuhusu neno la bwana. Hakuinua macho kwenye kisu. Majibu yake yalikuwa ya Kijita, mimi naandika kwa Kiswahili.

"Huyo mume wangu ndiye aliyemfuta Nyanjura?"

Mwaka mzima hakuna aliyemwambia. Tulisema flashi imepotea. Na mimi nilikuwa nimelitamka sasa hivi, bila kujua, katikati ya malalamiko yangu.

"Hakukusudia, Bibi."

"Sijauliza kusudi." Akaweka kisu chini. "Mpigie."

Nikapiga kwa simu yake, nikaweka spika. Mafuru alipokea kwa furaha, "Mke wangu! Umeamkaje?"

"Mume wangu, kabla hujafa ulikuwa na sanduku la bati, unakumbuka?"

"Bibi, huyo ni babu."

"Si jina umelichukua? Chukua na sanduku lake. Ufunguo ulikuwa unauvaa shingoni, mpaka kuoga unaoga nao. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuona ndani. Watu walikuwa wanakuita mtu makini. Siku ya msiba tukalifungua. Kulikuwa na karatasi za mauzo ya pamba na shati moja."

Nilisikia watu wakicheka kibandani kwake. Naye alikuwa ameweka spika, maskini.

"Sasa mke mwenzangu hapa kafunga sauti yangu, eti ana bwana. Muvi zako tafutia sanduku lako. Na ukija, usije na mdomo mtupu. Uje uniambie mwenyewe habari ya Nyanjura."

"Nitakuja, Bibi," akasema, na haikuwa ile sauti yake ya utani.

Nilidhani tumemaliza. Bibi akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Haya. Na mimi niandikishe. Usije ukaolewa Dodoma ukaondoka na mdomo wangu."

Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kumenya beseni zima. Vidole vya Bibi ni laini kama chini ya kijiko. Jembe, mihogo, samaki wadogo wa furu wa kuparua tangu akiwa msichana, vimelamba kila mstari. Aliniambia hata siku ya kuandikisha vitambulisho mashine ilimkataa na yule kijana alimwambia, bibi, wewe huna alama. "Nikamwambia alama ninazo, ziko shambani."

Tulijaribu dole gumba, nyekundu. Shahada, nyekundu. Tulipaka mafuta kidogo, tukafuta, nyekundu. Umeme ukakatika, laptopu ikazima, tukangoja, ukarudi, tukaanza upya. Vidole tisa. Mimi nilikuwa nimeanza kusema si lazima, Bibi, mimi nitakuwa nakufungulia. Aliniangalia jicho ambalo nadhani ndilo nililomwangalia nalo Mafuru siku ya Ijumaa.

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilishika. Mara ya kwanza tu.

"Hiki ni kivivu," Bibi akasema, anakitazama. "Tangu nizaliwe hakijanisaidia kitu."

Kijani.

Akakibonyeza tena, na tena, katikati, pembeni, kwa ncha, mpaka kompyuta ikasema inatosha. Nikachomoa diski, nikaichomeka upya, nikakaa mbali. Akafungua mwenyewe. Nikamwonyesha faili zake tisa, tukasikiliza moja, akajicheka alivyokohoa.

Halafu nikamwomba jambo ambalo sikuwahi kuthubutu. Nilimwomba anisimulie zile za Bibi Nyanjura.

"Siwezi kuzisimulia kama yeye," akasema. "Yeye ya fisi alikuwa anaikosea. Kila mara anamleta fisi kabla ya mvua, na fisi anakuja baada ya mvua. Nimemsahihisha miaka hamsini, hasikii."

"Basi nisimulie anavyoikosea."

Kisha akasogea karibu na simu, akabadilisha sauti, akaifanya nyembamba kidogo, ya haraka, yenye kucheka kabla ya mahali pa kucheka. Ilikuwa sauti ya Bibi Nyanjura. Fisi akaja kabla ya mvua. Bibi hakusahihisha neno.

Hiyo ni rekodi ya kumi. Katika zile kumi na nne za flashi zimebaki kumi na tatu za kurudisha, na Bibi anasema tatu hazikumbuki. Ina maana kumi. Tutaona.

Kesho alfajiri narudi Mwisenge. Nitampigia Mama Mkubwa simu huko Butiama, nimwombe msamaha kwa ule uongo wa Jumatano, kwa sababu ule ulikuwa uongo. Kwa kile nilichosema Ijumaa sitaomba. Ijumaa ijayo, akiwa amevua viatu na amepumzika, nitamuuliza kama angependa kumsikia mama yake, na akisema ndiyo nitaweka kidole changu mwenyewe.

Mafuru sijui atanisalimiaje. Mimi nitamsalimia kwanza, shikamoo kaka, kisha nitapita ndani na begi langu.

Na nikiulizwa swali la Kemia Jumanne, na jibu ninalijua, nitanyoosha mkono?

Nitanyoosha. Hata kile kivivu.